Milango Miwili ya Mheshimiwa

Usiku ule nililala na hotuba chini ya mto. Alinipa Bi Edith, mjane wa Mheshimiwa Wimbleby, mbunge: kesho yake, kwenye ibada ya kumkumbuka mumewe, mimi Salim wa Tanga, dereva wa marehemu kwa miaka ishirini na sita huko Uingereza, nisome kwamba aliipigania hospitali ya mji wetu wa huko huko mpaka mwisho. Hospitali yenyewe ilifungwa. Mke wangu Zuhura alikata roho njiani akipelekwa ile ya mbali, na Mheshimiwa alilia mazikoni kuliko mashemeji zangu. Machozi yale sikuyaamini hata siku moja, ila sikumuuliza. Aliye juu mngoje chini, nami nilimngoja garini.

Basi naota niko garini nje ya Bunge lao, namngoja kama kawaida. Mara gari halipo. Nimesimama kwenye ukumbi wenye milango miwili. Kwao kura hupigwa kwa miguu: anayekubali hupita mlango huu, anayekataa hupita ule, na makarani huandika majina. Mheshimiwa anakuja na suti tuliyomzika nayo, anatabasamu lile tabasamu lake la kampeni. Marehemu gani huyu anayetaka kura? Narudi hatua nyuma. Miaka arobaini bungeni, vyama vitatu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema ndiyo au hapana bila kuongeza lakini.

"Salim, wengi wamepita wapi?" ananiuliza.

"Sijaona mtu, Mheshimiwa. Siku ile ya hospitali, wewe ulipita wapi?"

Anautazama mlango wa kulia, kisha wa kushoto. Nyuma yake Zuhura amekaa kwenye benchi, amekumbatia mkoba wake wa nguo za hospitali. Mimi hanitazami. Anamtazama yeye, anasubiri.

"Huku hawaniruhusu kupita yote miwili," anasema, na tabasamu halipo tena. "Kawaulize makarani."

Nikaamka alfajiri. Hata akiwa maiti sikumwamini. Nilihisi ana lake. Lakini nikawasha kompyuta, nikaitafuta orodha ya kura za siku ile. Miaka yote ilikuwa wazi kwa kila mtu, na mimi niliiogopa. Kwa waliokubali hospitali ifungwe, jina lake lipo. Nikalia kwa hasira. Nikashuka kwa waliokataa, nalo lipo. Kanuni zao hazimzuii mtu. Alipita mlango wa kwanza, akazunguka, akapita na wa pili, ili kila atakayemuuliza apate jibu la kumfurahisha.

Nikaigeuza hotuba ya Bi Edith, nikaandika nyuma ya karatasi: "Mheshimiwa aliipigania hospitali yetu, na Mheshimiwa aliifunga. Zuhura alikuwa mke wangu."

Kisha nikapiga pasi shati la kwendea kanisani.