Siku Deo Aliposimama Kusalimu

Samli ikianza kuyeyuka kwenye kikaango, mimi hutoka jikoni. Wageni wanaokuja kuitazama nyumba yangu hapa Ijuganyondo (najua wanakuja kuitazama nyumba, si mimi) hudhani moshi unaniumiza macho. Moshi gani, wakati napikia gesi? Ni harufu. Kaka yangu Deogratias alipaka samli kwenye nyayo kila alfajiri kabla ya kwenda kukimbia, na chumba chetu kilinuka kama kibuyu cha maziwa.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Katekista wetu alikuwa na redio, na ni kwake Deo alikosikia habari za Mhabeshi aliyekimbia pekupeku huko Ulaya akawaacha wenye viatu. Tangu hapo hakutulia. Je, Uhabeshi kuna migomba? Kuna milima kama yetu? Katekista, ambaye hakuwahi kuvuka Mto Kagera, alimjibu kila swali bila kusita. Watu wakaanza kumwita Deo Mhabeshi, kwanza kwa kumcheka, halafu kwa heshima, pale alipoanza kwenda mbio hadi Kaagya, kijiji cha mbali, na kurudi kabla jua halijawa kali.

Tata, yaani baba yetu, hakucheka wala hakusifu. "Mtu mzima anakimbia," alisema, "nani anamfukuza?" Kaka yetu mkubwa alikuwa ameondoka kwenda Kampala kutafuta kazi na hakurudi. Hata barua hakuandika. Nyumbani jina lake halikutajwa tena.

Kisha likaja tangazo la mbio za mkoa. Atakayekuwa wa kwanza angekwenda Dar es Salaam, kambini, kuchaguliwa kukimbia kwa niaba ya taifa. Mmoja tu. Wakimbiaji walipakiwa kwenye lori, wakashushwa mbali huko kwenye barabara ya Muleba, waje mbio hadi uwanjani Bukoba mjini. Wangepita mbele ya kibanja chetu, yaani nyumba yetu na shamba lake la migomba.

Nilikuwa na miaka tisa na tayari nilikuwa naongoza darasa, wavulana wote nyuma yangu. Nilitaka kila mtu aone kwamba Deo ni wa kwetu. Tata alikuwa ameketi ndani. Nikamvuta mkono mpaka ukingoni mwa barabara, mbele kabisa, akiwa na kanzu yake na koti la kanisani.

Deo akatokea peke yake. Nyuma yake barabara ilikuwa tupu. Wanawake wakapiga vigelegele, "Mhabeshi! Ongeza!" Alikuwa anatabasamu. Ndipo alipomwona Tata.

Kwetu mtoto hampiti baba yake njiani. Husimama, hupiga goti, husalimu, na haondoki mpaka baba amalize kuitikia. Deo akasimama. Akapiga goti kwenye vumbi, kifua kikipanda na kushuka.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Muleba, Tata."

"Watu wa Muleba hawajambo?"

"Hawajambo, Tata."

"Mvua imenyesha huko?"

"Kidogo, Tata."

"Mzee, mwachie mtoto!" jirani mmoja akalia. "Deo, inuka, wanakuja!"

Deo hakuinuka. Alimtazama Tata usoni, akingoja. Akapita kijana mrefu wa Muleba, fundi baiskeli, mwenye viatu vya turubai. "Nisalimie mzee!" akapiga kelele bila kupunguza mwendo, na watu wakacheka. Akapita na mwingine.

"Na kahawa je, imechanua?" Tata akauliza.

Nilijivuna mno. Nilidhani umati mzima unastaajabia adabu za kwetu.

Deo alimaliza wa tatu. Fundi baiskeli akaenda Dar. Tangu siku hiyo Deo hakukimbia tena, hata mvua ilipomkuta njiani. Hadi leo yuko palepale kibanjani, mguu umevimba, anakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi, na watoto wa majirani wanamwita Mhabeshi bila kujua kwa nini.

Mimi nilifaulu. Nilipoondoka kwenda chuoni, sanduku kichwani, kijiji kizima kilijipanga barabarani kuniaga, isipokuwa Tata. Kinyongo hicho nilikibeba miaka mingi. Nilipopata diploma, nilipopata cheo, niliwaambia wote kwamba sikushikwa mkono na mtu, nimejitengeneza mwenyewe.

Tulipomaliza matanga ya Tata, Mama akanieleza. Asubuhi ile niliyoondoka, Tata alivaa kanzu na koti lake, akaenda kuchuchumaa nyuma ya migomba mpaka nilipopita. Mama alipomwita, alijibu kwa sauti ya chini: "Akiniona atapiga goti. Na mimi nitamshika, kama nilivyomshika Deo."

Wa kumshukuru alikuwa tayari kaburini. Nikaenda kumweleza Deo, nikidhani nampelekea faraja. Alisikiliza mpaka mwisho, kibuyu kitupu mapajani.

"Kwa hiyo alijua kujificha," akasema. "Mbona kwangu hakujificha?"

Nimefundisha watu wazima, nimehutubia kumbi zilizojaa, lakini pale niliutazama tu mkono wangu, ule uliomvuta Tata mpaka barabarani. Deo akanisubiri kwa heshima, kama alivyozoea kuwasubiri watu, kisha akaomba nimsogezee lubisi.