Suuza Mara Tatu

Pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Nyororo, kwa sababu ya ile dawa ya kulainisha nguo ya chupa ya buluu, Nyororo, aliyoitumia miaka kumi na moja bila kuibadilisha. Akipita, hata fundi viatu aliyeinamia kazi yake alijua nani kapita. Ufuaji wake ulikuwa na sheria: sabuni, maji ya kwanza, maji ya pili, na maji ya tatu yenye kifuniko kimoja cha Nyororo. Taulo alizikataa katakata, maana taulo ukiilainisha inateleza tu mwilini, haikaushi mtu. Kinyozi alimbembeleza miaka yote, wapi.

Kazi aliirithi kwa mama yake, dobi wa zamani, mwanamke mkali kama pilipili. Sasa bibi huyo alikuwa haoni, na kumbukumbu nazo zilikuwa zimemtoka moja moja, majina ya watu ndiyo yaliyotangulia. Lakini binti akiingia jioni, mama alinusa, akatabasamu, akasema amerudi mwanangu. Kisha akala. Huo ndio ulikuwa mshahara wa kweli wa Mama Nyororo, na usinibishie.

Basi wenye kampuni, nao wana lao, wakabadilisha harufu. Chupa ile ile, buluu ile ile, ila wamebandika kinyota kinachotangaza harufu mpya. Nani aliwaomba? Mama Nyororo hakujali. Akafua kutwa nzima, jioni akaingia chumbani na bakuli la supu. Mama akanusa, akajivutia shuka hadi kidevuni.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu hanuki hivyo."

Akafumba mdomo, na kijiko kikarudi kama kilivyokwenda. Ikabidi aitwe jirani, mke wa fundi viatu, ndipo bibi akala. Siku ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Binti wa kuzaa akawa anakaa nje ya mlango, akisikiliza kijiko kikigonga bakuli mkononi mwa mtu baki. Iliuma, jamani, tusidanganyane. Jirani mwenyewe alikuwa akitoka humo anaona haya kumtazama.

Akaanza kusaka chupa za zamani. Alizunguka maduka saba. Mwenye duka mmoja, mtu wa masihara, alimjibu kwamba kampuni ilisahau kuja kumwomba ruhusa. Hatimaye akapata moja, imejaa vumbi nyuma ya makopo ya rangi ya viatu. Kuifungua, dawa imeganda mabonge na inanuka uvundo. Asiyekubali kushindwa si mshindani; akakubali. Nyororo akaiacha kabisa, mpya na ya zamani, na kwa kuwa dawa haipo tena, akamwambia kinyozi alete taulo zake.

Zilikuwa thelathini. Akazifua kwa sabuni ya mche, maji ya kwanza, maji ya pili, akakamua, akaanika. Miaka kumi na moja mkono umezoea kwamba maji ya tatu ni ya dawa. Dawa ilipoondoka, na maji ya tatu yakaondoka nayo, wala hakugundua. Kitambaa chake cha kichwa alikifua humo humo. Kilipokauka juani akakifunga, akaenda nyumbani.

Aliingia kimya, atue bakuli kisha amwite jirani. Alipoinama, mama akanusa. Akanyoosha mkono, akaipata ncha ya kitambaa, akaisugua kati ya vidole viwili, vile vile alivyokuwa akikagua kazi enzi zake. Akakunja uso.

"Chiriku," akasema. "Umesuuza mara mbili."

Jina hilo alipewa akiwa na miaka sita, kwa kuropoka kwake mbele ya beseni bila kupumzika. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kulijua, naye ndiye huyu. Mama Nyororo akatua bakuli, akakaa kando yake.

"Nimekwambia mara ngapi? Mara tatu. Sabuni imejaa humu, kitambaa kimekakamaa. Mvivu wewe."

"Nisamehe, mama."

"Haya. Umekula?"

Akachukua kijiko, akamlisha huku machozi yanamtiririka, na mama akala huku anamkaripia: kuhusu sabuni, kuhusu kukamua, kuhusu watoto wasiosikia. Hakuwahi kufurahia kugombezwa kama jioni ile.

Kesho yake taulo zote thelathini zilirudi majini, maana kinyozi wa watu hana kosa. Ile chupa ya harufu mpya akampa mke wa fundi viatu. Na tangu hapo kila nguo ya mteja anaisuuza mara tatu bila kukosa. Kitambaa chake cha kichwa anakisuuza mara mbili.