Majivu ya Muzee na Safari ya Varanasi

Bajukuu bangu banapenda kuniuliza juu ya Varanasi, kule India: mto, kengele, mahekalu. Lakini mbele ya kufika kule nilipigana hapa Butembo, na batu ba nyumba yangu. Hiyo ndiyo ninaandika kwanza. Mwenye alinipiga vita angali anaishi nyuma ya lupango, kiwanja ya nyumba yangu, na anajua ni yeye ninamusema.

Mimi ni fundi wa kushona. Masomo yangu ilikatika mapema, lakini mukono yangu haikukatika. Mashini yangu ilikaa Beni, ku baraza ya duka ya muzee moja Muhindi, tangu nywele zetu sisi wawili zikiwa nyeusi. Vita ya kwanza ilikimbiza batoto bake, habari yao ikapotea. Mu vita ya pili basoda, ndio askari, balibeba duka yote, hata milango. Muzee akabaki analala kati ya rafu tupu. Mimi ndiye nilimupikia maharagi, maana nyama hakugusa.

Aliniambia: «Mama fundi, kwetu maiti hawekwe mu udongo. Anachomwa, na majivu inatiwa mu mto Ganga, ku Varanasi.»

«Muzee, huku ukichoma mutu, nawe banakuchoma.»

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mukono: «Nani mwingine nitamuomba?»

Homa ikamuua. Nikamuchoma kwa kuni za mikaratusi, nyuma ya duka. Majirani balisimama mbali, bakisema mwenye kuchomwa ni mulozi tu. Hakuna mwenye alileta hata kijiti. Nikakusanya majivu mu kopo ya maziwa ya unga, nikapanda lori ya kurudi kwangu Butembo.

Ku bariyeri ya barabarani soda mumoja akafungua kopo. «Mama, oyo nini?»

«Ni muzee.»

Akaifunga polepole, kama mwenye kufunika mayai.

Basi nikaanza kupanga safari. Mama moja wa hapa, mwenye alikuwa anaenda India kununua vitambaa, alinifundisha njia: Kasindi ku mupaka, Kampala, ndege mpaka Bombay, halafu treni. Alisema Varanasi ni muji ya zamani sana, mahekalu yamebanana kama vibanda vya soko, ngazi za mawe zinashuka mpaka mu maji, na ngombe zinalala mu barabara, hakuna mwenye anazipiga.

«Huku basoda banazikula mbele zizeeke,» nilimujibu.

Nikauza mashini yangu. Nikashona mufuko nyekundu wa kubeba kopo.

Ndipo akaingia mudogo wa marehemu bwana yangu, shemasi wa kanisa. Hakukaa hata ku kiti.

«Shemeji, muke ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa, hataenda ku muji ya masanamu. Tutakufungia meza ya Bwana.»

«Fungeni. Muzee akiwa na njaa, meza yenu ilikuwa wapi?»

«Na hiyo maiti unaweka ku rafu, juu ya sufuria! Nyumba hii ni ya yaya yangu!»

«Sufuria ni zangu.»

Alitoka akitema mate.

Nikaenda Beni kutafuta karatasi ya kuvuka mupaka. Risasi ikafunga barabara, nikakwama kule. Kurudi nyumbani Butembo, ninakuta kopo haiko ku rafu. Nyuma, kati ya migomba, karibu na kaburi ya bwana yangu, kuko udongo mupya na musalaba.

Shemeji alinikuta pale, uso umejaa furaha. «Tulimuzika muzuri. Kwaya iliimba. Mutu hakai mu nyumba na masahani, shemeji, hata wewe unajua. Na hatukumuzika mu kopo kama sardini. Tulimumwaga mu udongo, kama mutu.»

Nilimuangalia. Ule mupumbavu alikuwa anaona amenitendea wema. Kopo yangu ilikuwa imetupwa mu majani, tupu.

«Sasa Varanasi imeisha,» akasema. «Utabeba nini?»

Nikamuuliza: «Mutoto wako, shimo ya zahabu ilimufunika ku Manguredjipa. Mwili ulitoka?»

Furaha ikamutoka usoni. «Usimutaje.»

«Ninamutaja! Ulileta nini hapa?»

Akageuza uso ku migomba.

«Ulileta udongo wa pale mu kitambaa. Ukauzika. Ukatuambia sisi wote: amerudi nyumbani. Nililia pamoja na wewe, sikukuuliza mwili iko wapi. Ao ulitudanganya?»

«Shemeji...»

«Asante, umemuchimbia muzee kaburi. Mwenye amefia mbali, tunakamata udongo wa kaburi yake, tunapeleka kwao. Hiyo desturi ni ya nani? Ya Bahindi?»

Nikang'oa musalaba, nikamuwekea mu mukono. Nikakamata jembe. Udongo ulikuwa mweusi, na mistari ya kijivu ndani yake. Nikajaza kopo mpaka juu, mizizi ya migomba na yote, nikaitia mu mufuko nyekundu. Yeye alisimama ameshika ule musalaba, hakujua auweke wapi.

Asubuhi ya kupanda lori ya Kasindi, shemeji alikuja ku barabara. Kwaya hakuileta.

«Utakufa kule, mwanamuke wa kiburi! Kati ya masanamu!»

Nikaweka muzee juu ya magoti, nikainama ku dirisha batu bote basikie.

«Nikifia kule, shemeji, ni wewe utakuja kukamata udongo wangu. Anza kuuliza njia.»