Jiwe Juu ya Kifuniko

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na tabia ya kuunyoshea Mlima Kenya chaki kama anayemshtaki mtu. Shule yetu ilikuwa Wang'uru, mashamba ya mpunga kila upande, joto la kukausha mate, na asubuhi isiyo na mawingu mlima ulionekana dirishani, mdogo, na barafu yake. "Huko juu," alisema, "hewa ni nyepesi, haikandamizi maji, kwa hivyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Utachemsha maharagwe kutwa nzima na bado utafune changarawe." Tukacheka. Nani aende kupika maharagwe kwa barafu, jameni? Tukaandika, tukakariri, na kwa mtihani swali hilo nililipata. Baada ya hapo nikalisahau pamoja na mengine yote.

Sasa naishi Narumoru, juu ya Nyeri, miguuni pa mlima ule ule, nauza dawa za ng'ombe na chakula cha kuku. Wali wangu haujawahi kuwa kama wa Mama, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilijua kwa nini. Mimi ni mvivu wa jiko. Mama mwenyewe ameniambia hivyo tangu nikiwa msichana.

Mama alikuwa na kibanda cha chakula Wang'uru, karibu na viwanda vya kukoboa mpunga. Aliwapikia wali wa pishori wale makuli wa kubeba magunia, watu ambao mchele wanaujua kwa ndani na kwa nje, na hawangekubali kudanganywa. Hakuwa na kikombe cha kupimia. Alitumbukiza kidole ndani ya sufuria, maji yakafika pingili ya kwanza, akafunika, akaenda kupiga porojo. Akirudi, umeiva. Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote, na ulinilisha, ukanivalisha, ukanisomesha.

Kisha magoti yakamsumbua, akafunga kibanda kwa muda. Kaka yangu, anayeishi naye kwenye boma, akanipigia simu.

"Mchukue Mama akae kwako kidogo."

"Kwani amekukosea nini?"

"Siku hizi anasahau."

Haiya! Damu ilinipanda. Nikamwambia kila mtu anasahau, yeye mwenyewe alishawahi kusahau harusi yangu ni Jumamosi gani. Akasema, kwa sauti ya upole iliyonikera zaidi, "Sikiza, mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali," nikamwambia. "Mlete."

Mama akaja na gunia dogo la pishori na shuka lake la mabegani. Aliniambia mlangoni, hata kabla ya kukaa, "Mami, magoti yakipoa narudi kufungua kibanda. Watu wangu wanalala njaa." Huniita mami kwa sababu mimi ni msichana wa pili na nina jina la mama yake. Kwetu ndivyo ilivyo, mtoto akibeba jina la mtu anabeba na heshima yake.

Siku iliyofuata akasema atapika, nipumzike. Nilirudi kutoka dukani nikiwa na hamu ya utoto mzima. Nikatia kijiko mdomoni. Nje wali ulikuwa umelainika, ndani kuna kiini kigumu kinachogonga meno.

Mama alitafuna, akaacha kutafuna, akanitazama.

"Hii mchele umenunua wapi?"

"Mama, si umekuja nayo wewe mwenyewe."

"Eeh," akasema. "Basi wameichanganya."

Kesho yake alilaumu makaa. Tukabadilisha makaa. Akalaumu sufuria zangu, ati ni nyembamba kama karatasi, nikaazima sufuria nzito kwa jirani. Akiongeza maji, juu unakuwa uji na chini unauma. Siku moja nilimkuta ameketi jikoni, mikono ameificha chini ya shuka, moto umezimika.

"Si makaa," alisema. "Ni mikono. Mikono yangu imeisha. Nikirudi Wang'uru nitawapikia nini watu?"

Nilijisikia mjinga kabisa. Mtu anaamka vipi siku moja na kukuta kidole chake hakijui tena maji? Kaka alipopiga simu nilimwambia tunakula vizuri sana. Aliuliza kama anaweza kukigeuza kibanda kiwe stoo ya mbolea, maana kimekaa tu. Nikamwambia thubutu.

Nakumbuka asubuhi ile kwa sababu nilikuwa na mguu mmoja ndani ya gambuti na mwingine nje. Mama alikuwa ameinamia sufuria, akiizomea.

"Maji ya huku ni kelele tupu," alisema. "Yanachemka, lakini hayana moto."

Nikaganda pale pale na gambuti moja. Nikaona chaki. Nikaona dirisha, na mlima mdogo, na nikasikia sisi wenyewe tukicheka. Woi! Kumbe mimi ndiye niliyekuja kupika kwa barafu!

"Mama!" nikapiga kelele mpaka akaangusha mwiko. "Si wewe! Ni hewa!"

Nikamweleza nikiwa bado nachechemea. Hewa iko na uzito, nikamwambia. Wang'uru tuko chini, hewa ni nyingi juu yetu, inayakalia maji, hayawezi kuchemka mpaka yawe moto kabisa. Huku tumepanda, hewa ni kidogo, maji yanachemka mapema, na mchele unaoga tu maji ya vuguvugu.

"Hewa inakalia maji?" Mama akauliza.

"Eeh."

"Kwa matako gani?"

Tulicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, Mama. Ni mlima."

Akageuka dirishani, akausonya mlima kwa nguvu kama mwenye deni naye. Nilimwambia tutapika kwa muda mrefu zaidi na tuweke jiwe juu ya kifuniko, mvuke usitoroke. Akanikodolea macho.

"Maisha yangu yote nimetoa mawe kwa mchele," alisema. "Leo unaniambia niweke!"

Tukaliweka. Tukangoja. Wali ulipoiva, ulinukia mpaka jirani akaja kuulizia sufuria yake ilhali hakuwa na haja nayo. Mama alisimulia habari ya hewa kwa kila mtu: jirani, wamama wa kanisa, mzee anayeleta maziwa. "Huyu wangu alisoma," aliwaambia. Nami nilitembea Narumoru nzima nikijihisi mrefu. Miaka yote hiyo ya kukariri, kumbe palikuwa na siku moja iliyokuwa ikiningoja.

Nikampigia kaka. "Jungu kuu halikosi ukoko," nikamwambia. "Mama hana shida yoyote. Ni fizikia."

"Ni vizuri," akasema. "Lakini hata huku chini, kabla hajaja kwako..."

"Wacha!" Nikakata simu kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kweli kweli.

Mama alitia chumvi kwenye chai. Nikatema, tukatazamana, akasema, "Ni mlima." Nikacheka, naye akacheka. Akamsahau jirani jina, yule yule wa sufuria. "Hewa ya huku ni nyepesi," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Jumapili moja alitoka kanisani mbele yangu na hakufika nyumbani. Nilimpata ameketi kwenye benchi kando ya kituo cha mafuta, mkoba umewekwa vizuri magotini, akitazama barabara kama anayengoja kuitwa. "Hii mji inachanganya," alisema. "Hewa haikalii vitu vizuri." Nikamshika mkono, nikamwambia ndiyo, haikalii vizuri.

Kwani ningesema nini? Mimi ndiye niliyempa hilo neno. Na isitoshe, sikujua kama ni uongo. Nilikaa dukani, mteja akiniuliza dawa ya kupe, mimi najaribu kukumbuka kama mwalimu alisema lolote kuhusu hewa nyepesi na kichwa cha mtu. Alisema! Nilikuwa karibu kuapa kwamba alisema. Wapanda mlima hufika juu wakaumwa kichwa, wengine wakaongea upuzi. Lakini hao ni watu wa huko kwenye barafu. Hapa ni Narumoru, tuko na benki na kinyozi. Mbona mimi sisahau? Au nasahau, na sijui? Nilikumbuka somo nusu nusu tu, mwanzo upo, mwisho haupo, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Mwisho nikafanya hesabu ambayo hata mtoto angeifanya. Kama ni mlima, tukishuka utaisha. Magoti ya Mama yalikuwa afadhali, na kila siku aliulizia watu wake. Nikafunga duka, nikampigia kaka nikamwambia afagie kibanda na aweke makaa, kwa sababu Mama anarudi kazini. Hakubisha. Hilo lingenifunza kitu, lakini nilikuwa na haraka.

Tulifika Wang'uru jua likiwa kali. Joto lile lilinikumbatia, nikavuta pumzi, nikajiambia, hii ndiyo hewa yenye uzito wake. Kaka alikuwa amefagia mpaka nje. Makuli wa zamani walikuwa wamesikia habari, wakaja na kukaa kwenye mabenchi, wakimwita Mama na kumtania kwamba alikuwa ameolewa Nyeri. Mama akawajibu mmoja mmoja, bila kukosea. Akaosha mchele, mikono ikienda mbio kama zamani. Akatumbukiza kidole. Pingili ya kwanza. Nikamkonyeza kaka, na yeye akatazama chini.

Mama alifunika, akaketi, akapiga porojo kidogo. Kisha akainuka, akaepua sufuria. Maji yalikuwa hata hayajakauka. Nilifikiri anaangalia tu, lakini alikuwa tayari ameshika sahani na anapakua.

Kuli mkubwa kuliko wote ndiye aliyepewa wa kwanza. Alitia mdomoni, na kibanda kizima kikasikia meno yake. Aliendelea kutafuna. "Mzuri, mama," alisema.

Mama akaonja pia. Nilingoja ashtuke, alaumu makaa, afiche mikono. Hakushtuka hata kidogo. Alirudisha sufuria jikoni, akaurudisha wali ndani, akavuta shuka mabegani, jasho likimtiririka shingoni.

"Ni mlima huo," akasema. "Mami, niletee jiwe."

Hakuna aliyecheka. Nikasogea karibu.

"Mama, hapa ni Wang'uru. Tuko chini."

"Na baridi hii yote?" Akanitazama kama ananihurumia, kisha akawageukia wateja wake. Akawaeleza. Hewa iko na uzito. Ukiwa chini inayakalia maji, ukipanda inakuwa kidogo, maji yanachemka mapema bila moto. Hakuruka neno. Alieleza vizuri kuliko mimi, vizuri kuliko mwalimu. Katika vyote vilivyokuwa vimemponyoka, hilo moja alikuwa amelishika. "Huyu wangu alisoma," akamaliza. "Ndiye alinifundisha."

Makuli wakaitikia kwa adabu. Mimi nikatoka nje kutafuta jiwe.

Wang'uru ni matope meusi matupu, jiwe utalitafuta mpaka uchoke. Nilizunguka nyuma ya kibanda nikitazama chini, sioni vizuri, nikijiuliza ni lini hasa nilikosea, na kama kweli nilikosea, kwa sababu yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Mpaka leo ni kweli. Kaka akaja na kipande cha tofali. Nilingoja amalizie methali yake. Alifungua mfereji, akakiosha kipande kile pande zote, akakifuta kwa shati lake, akanipa.

Nilirudi ndani machozi yakinitoka, na sikujali nani ananiona. Mama aliniona. Akanifuta shavu kwa ncha ya shuka, mkono wake ukinuka mchele mbichi.

"Nyamaza, mami," akasema. "Si wewe. Ni mlima."

Nikaweka tofali juu ya kifuniko, na sote tukangoja.