Siku Rabi Alipopiga Simu Bawshar

Rabi wetu hupanda bodaboda kwa kukaa upande, kama mama anayetoka sokoni na kikapu, kwa sababu goti lake moja halikunjiki vizuri. Watu wa Mbale wasiomjua humcheka. Wanaomjua humcheka pia, ila wao humsogezea kiti akishuka.

Naanza na yeye, ingawa haya yalitokea hapa Maskati, mtaa wa Bawshar, ninakofanya kazi za nyumbani, na yeye hajawahi kufika.

Sisi ni Wayahudi wa Uganda. Tupo, ndiyo, ingawa si wengi. Mababu zetu waliichagua dini hiyo wenyewe, nasi tukaikuta nyumbani kama tulivyoikuta migomba. Tunalima kahawa, Jumamosi tunapumzika, na majirani zetu ni Waislamu na Wakristo ambao tunazikana nao na kuchezeana harusi.

Rabi si mtu wa mahubiri marefu. Siku kamati ya kisima ilipotia kufuli kwenye pampu, ili maji wapate watu wa upande mmoja tu wa mlima, aliliomba lile kufuli kwa adabu, akaenda kulifunga kwenye choo chake. Alisema hapo ndipo anapohitaji faragha. Pampu haikufungwa tena. Na kwenye shule yetu ya bweni, niliyoishia darasa la saba, mpishi alikuwa mama Mwislamu aliyepika wiki nzima bila kupumzika. Rabi akasema Ijumaa atapika yeye. Jamani, maharagwe ya rabi. Yaliungua kila Ijumaa, nasi tukayala kila Ijumaa, na yule mama akaenda msikitini, akarudi kwake kulala. Tulipolalamika, rabi alitushauri tuongeze chumvi.

Nilipopata kazi Oman hakunizuia. Alinifundisha kusema hapana bila kununa, akaniahidi atanipigia simu kila Ijumaa kabla jua halijazama, maana jua likizama Sabato inaingia na simu haigusi. Hajakosa hata mara moja. Wala haniulizi kama nasali. Huniuliza, "Unapumzika?" Kisha, "Na jirani yako?"

Swali la kwanza lilikuwa rahisi. Nimebahatika na nyumba, namshukuru Mungu. Ni familia ya Waomani waliotoka Unguja, na mwenye sauti humo ni Bibi, mama wa baba mwenye nyumba. Jumamosi wote huenda Sib kwa binti yake, nami napewa siku yangu. Hawakujua wamenipa Sabato, na mimi sikuwaambia. Kiswahili changu cha kuokoteza kwa wauza nguo wa mpakani Malaba, Bibi ndiye aliyekinyoosha, kwa hiyo mkikiona kina kona mbili, ya kushoto ni yangu.

Swali la pili ndilo lililonikaba. Jirani yangu ni Mganda mwenzangu, msichana wa Masaka, mlokole, anafanya kazi nyumba ya pili. Tulionana juu ya paa wakati wa kuanika nguo, yeye kwao na mimi kwetu, ukuta mfupi katikati. Hakuwa na siku ya kupumzika. Hakupigwa wala hakunyimwa chakula, ila hakuwa na siku. Tangu alipofika hakuwahi kukaa bila mtu kumwita. Alikuwa mcheshi sana mwanzo, ananiimbia hata pambio za kanisani kwao, lakini nikaona anapungua. Akaanza kuniuliza leo ni siku gani, halafu akaacha kuuliza. Mara moja nilimkuta ameegemea tangi la maji, amesimama, amelala. Niliogopa. Paa lile halina ukingo upande wa nyuma.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia rabi. Nikasema mimi ni mtumishi, nitafanya nini? Hakunipa pole. Akaniuliza nani katika mtaa ule akisema, watu wanamsikiliza. Nikasema Bibi. Akasema basi, Sabato njema, akakata simu.

Bibi alikuwa sebuleni na tasbihi yake, amenisikia nikiongea.

"Nani huyo anokupigia kila Ijumaa?"

"Rabi wangu, Bibi."

Tasbihi ikasimama. "Rabbi wako. Kakupigia simu."

"Ndiyo, Bibi. Kila wiki, kabla ya magharibi."

"Na leo kasema nini?"

"Kasema niseme na wewe."

Bibi alinitazama kwa huruma kubwa. Halafu akaniambia, taratibu, nikae chini nisiondoke. Akaenda mwenyewe jikoni, yeye ambaye glasi ya maji huletewa, akarudi na chetezo kinafuka ubani, akaanza kunizungushia moshi kichwani huku anasoma. Mimi nikatulia. Nilidhani ni heshima.

Kumbe kwa Bibi neno hilo ni la Mwenyezi Mungu. Kila akimaliza kusali husema Yaa Rabbi, Mola wangu. Mimi nimemwambia Mola wangu ananipigia simu kila Ijumaa na leo amenituma kwake. Nilipoelewa, nilikohoa kwa moshi na kwa aibu, nikasema siyo Mungu, Bibi, ni mwalimu wetu wa dini, kwetu tunamwita rabi. Akauliza dini gani hiyo. Hapo sikuwa na pa kukwepa. Nikasema, mimi ni Myahudi.

Nilikuwa nishaanza kulifunga begi langu akilini. Bibi akaweka chetezo chini, akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani.

"Na mimi nishaamini mtoto wa watu kapandwa na shetani. Nilikuwa nnatafuta namba ya mwalimu aje akusomee." Akajifuta macho. "Mtu wa Kitabu wewe. Sasa huyo mwalimu wako anataka nini kwangu?"

Nikamweleza habari ya mwenzangu, tangi la maji na paa. Bibi hakucheka tena. Aliokota tasbihi, akaipitisha punje kadhaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba haki ya jirani ni jambo la kuulizwa kesho kwa Mungu, na yeye ukuta huo anaushiriki miaka yote.

Mimi nilitegemea ataenda kuwagombeza. Kama angefanya hivyo, mwenzangu angelipia baadaye. Jumapili jioni Bibi alikaanga vitumbua, akanibebesha sahani, tukaenda kwa miguu nyumba ya pili kama watu wanaokwenda kuposa. Mama wa nyumba ile anafanya kazi ofisini Qurum, mwanamke mwungwana tu, mwenye haraka. Bibi akazungumza naye hali ya hewa, bei ya samaki, wajukuu. Kisha akasema ana shida.

"Huyu binti yangu Jumamosi anabaki peke yake, upweke utamuua. Niazime wenu, awe anashinda naye. Kutwa nzima, kila wiki."

Nikainamisha kichwa, nikajaribu kuonekana mpweke.

Yule mama akasita. Akasema angependa, ila watoto wake watatu atawaacha na nani? Anazitumia Jumamosi kumalizia kazi za ofisini.

"Na mimi," Bibi akasema. "Sib kuna bahari na wajukuu tele. Nitawachukua."

Mama akacheka, akasema Bibi hawajui watoto wale. Bibi akasema wao ndio hawamjui yeye. Baina ya wanawake wawili waungwana, mzee kaomba, hukatai. Ikawa hivyo. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, amesikia yote.

Jumamosi iliyofuata gari la Bibi lilitoka limejaa kelele, mtoto mmoja ameshalia kabla ya kufika barabarani. Dakika chache baadaye mwenzangu akabisha hodi, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, mkoba mkononi. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Sasa tunafanya nini?"

"Hatufanyi kitu."

Akaanza kukunja nguo zangu zilizokuwa kwenye kiti. Nikamnyang'anya. Akasimama kunyoosha pazia, nikamrudisha. Nikamwambia chakula kimepikwa tangu jana, hakuna wa kuhudumiwa, jamani, lala. Alilala na gauni lake lile lile, viatu nikamvua mimi. Nilikaa pale nikimsikiliza anavyokoroma, nikaota zangu mchana kweupe, saluni nitakayoifungua Mbale siku moja, yenye mlango unaofungwa siku moja kila wiki, na wafanyakazi wangu wote wamelala hivi.

Aliamka adhuhuri imeshapita, amenuna, shavu lina alama za mto.

"Nimeota naosha vyombo," akasema. "Vingi."

Nikamsogezea sahani ya chakula. "Ndiyo kwanza wiki ya kwanza. Wiki ijayo utaota umeviacha."