Jina la Kambale Msalabani

Kuna Jumamosi moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu nimeona goti lako lilivyovimba na bado unasema kesho utacheza. Keti. Usiniangalie hivyo, mimi ni shangazi yako, si kocha wako.

Baba yako Kambale alikuwa kipa. Hapa Katoyi walimwita Ukuta, na mimi dada yake nilitembea sokoni kichwa juu kama vile mimi ndiye ninayedaka. Uwanja ulikuwa mawe meusi ya volkano. Kipa akijirusha, anainuka na damu viwikoni. Yeye alijirusha tu. Mwaka huo timu moja ya Kinshasa ilituma mtu aje kumtazama kwenye mechi ya Jumapili na watu wa Bukavu. Akimpendeza, anapanda ndege.

Alhamisi, mazoezini, akaangukia mkono wa kuume na kifundo kikavimba. Hospitali haikuwa mbali, lakini wachezaji walikuwa wamekwisha kufungiwa kwenye nyumba moja, na muzee wa dawa wa timu alikuwa amekwisha kumwaga maji yake mlangoni. Desturi ilikuwa hiyo: ukiyavuka yale maji kabla ya mechi, umeharibu dawa ya wote, na wakipigwa ni wewe uliyewauza. Kwa hiyo yule muzee akamchanja chale, akampaka majivu, akamfunga kitambaa. Basi.

Papa yetu, babu yako, na mimi tulifika Jumamosi. Papa hakuingia. Alimwita kutoka nje, na Kambale akaja mpaka kizingitini, mkono nyuma ya mgongo.

"Toka, twende kwa dokta," Papa akamwambia.

"Papa, nikitoka batasema nimeuza mechi. Na ule mutu wa Kinshasa amesha kufika."

"Timu itapata kipa mwingine. We utapata mukono mwingine wapi?"

Kambale akacheka kidogo, akarudi ndani. Papa alitembea mpaka nyumbani, mimi nyuma yake nikilia.

Jumapili alidaka kipindi kizima cha kwanza kwa mkono mmoja, na hakuna mtazamaji aliyegundua. Halafu ukaja mpira mwepesi, ambao hata mtoto angeudaka. Aliupokea, mkono ukakataa, mpira ukapita. Kwa goli hilo tukapigwa. Mashabiki walimsindikiza kwa mawe hadi hapa, wakisema amekula pesa za Bukavu, na wa kwanza kusema hivyo alikuwa yule muzee wa dawa. Mtu wa Kinshasa aliondoka bila kuaga. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika, nao ukaunga vibaya. Ule mkono umeuona mwenyewe, ulikuwa haushiki hata kikombe. Hakudaka tena.

Tangu siku ile wakamwita Dirisha. Hata watoto ambao hawakuwahi kumwona uwanjani walimwita Dirisha. Miaka yote aliyodaka ilifutika, ikabaki dakika moja.

Mwezi uliopita tulipomzika, msalabani tuliandika jina alilopewa na wazazi. Nikasikia wanaume wawili nyuma yangu. "Kambale ni nani?" mmoja akauliza. "Si ule Dirisha," mwenzake akamjibu, wakacheka chini chini, kaburi bado wazi. Niliumia kuliko nilivyoumia alipokata roho.

Sasa nisikilize. Timu yako inakupenda leo kwa sababu unakimbia. Nani kati yao atakuja kukufungia kiatu ukishindwa kuinama? Mwili ukiuma, sema, hata wakikuita mwoga, hata wakimwaga ndoo nzima ya maji mlangoni. Vuka. Woga wako watausahau baada ya wiki. Kilema utaamka nacho kila asubuhi. Na wakikasirika, waambie ni Masika, shangazi yako, aliyekukataza. Waje wanikute hapa.

Vaa ndala, twende kwa dokta. Mungu akulindie miguu yako, na baraka za baba yako zikufuate. Na siku yako ikifika, mbali sana, anayesoma jina lako msalabani asiulize ni nani.