Hadithi Niliyomwandikia Dani

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, kisha nikaingia shambani kuchuna majani chai. Lakini hadithi naandika, na sioni haya kujisifu.

Aliyenianzisha ni jirani yangu. Alikuja huku Kericho kutoka upande wa ziwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Ananiita Gogo, yaani nyanya, kama wajukuu wangu, nami namwita Dani, nyanya kwa lugha ya kwao, kama wajukuu wake. Lugha yetu sisi wawili ni Kiswahili, tena kile cha kuokoteza.

Dani alipoanza masomo ya ngumbaru pale kanisani, vitabu vyote vilikuwa vya mbolea na malaria. Siku moja akanitupia kimoja.

"Gogo, hii mbolea imenishinda. Nisipopata kitu cha kunivuta mpaka mwisho, hiyo shule naacha."

"Nitakuandikia mimi."

"Wewe? Na hizo vidole nyeusi za majani?"

Nikaandika habari za mke aliyeachwa na mumewe, halafu mume anarudi amezeeka. Nilianza na jua linalozama kwa huzuni. Dani akasukuma kidole neno kwa neno, jasho linamtoka.

"Jua lina huzuni ya nini? Limefiwa?"

Nikafuta jua.

Mume akabisha hodi, akaketi. Mke akamwuliza, "Nikuwekee chai?" Kidole cha Dani kikasimama.

"Huyu mama ni wa wapi? Mgeni anaulizwa chai?"

Kweli. Huku kwetu mtu akiketi tu, kikombe kiko mbele yake, hata awe adui. Nikaandika upya: "Hakusema kitu. Akamwekea chai." Hasira yote ya yule mke ikaingia humo. Peke yangu nisingeipata, na namshukuru Dani hadi leo.

Nikaendelea hivyo, nikiandika maziwa yakichemka, nikitupa maneno magumu kama majani makuukuu. Ilipokwisha, Dani akaja jikoni kwangu akaisoma yote, polepole, bila kunitazama. Mwishoni mke anampa mume blanketi alale.

Dani akapiga meza.

"Mjinga! Mimi ningemfukuza na ufagio!"

"Ni hadithi tu, Dani."

"Hadithi gani! Andika ingine, na afukuzwe."

Sijawahi kufurahia kugombezwa namna hiyo. Jumatatu alienda darasani mapema. Mimi bado namtafutia yule mzee njia ya kufukuzwa.